Walivyokuwa Wakija Septemba

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, baada ya kuishi miaka saba tu. Kaka yangu mkubwa alikiwahi. Alikuwa mtoto wa Tanga aliyekwenda kusomea uhandisi Nairobi, akalala chumba kimoja na Mganda wa Mbale, kwa sababu uhandisi ulikuwa Nairobi, sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari ulikuwa Makerere, na hapakuwa na mtu aliyeshangaa kuona kijana anavuka mpaka kufuata somo lake. Mkuu wa chuo alikuwa Mwalimu Nyerere. Kisha kila nchi ikataka chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na sisi tuliomfuata kaka tukasoma kila mtu kwao.

Kwa hiyo niliposikia, miaka kumi baadaye nikiwa mwanafunzi Uingereza, kwamba nchi za Jumuiya ya Ulaya zimekubaliana vijana wao wasome sehemu ya shahada katika nchi nyingine na masomo hayo yahesabiwe nyumbani, sikuliona jambo geni. Nililiona kuwa letu, tuliloliacha likafa, na wenzetu wameliokota. Niliwaonea gere na kuwaombea mema kwa wakati mmoja.

Uamuzi huo ulipitishwa tarehe 15 Juni 1987, ukaitwa Erasmus. Mwaka wa kwanza walikwenda wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Siku hizi katika mwaka mmoja husafiri zaidi ya watu milioni moja, na bajeti ya miaka saba, 2021 hadi 2027, imezidi euro bilioni 26. Ukitazama ukubwa huo ni rahisi kusahau jinsi mambo yalivyokuwa magumu mwanzoni. Mkataba wa Roma wa 1957 ulitaja mafunzo ya kazi tu, katika kifungu cha 128. Vyuo vikuu haukuvigusa. Mawaziri wa elimu wa nchi zile sita za mwanzo hawakukaa kikao kimoja mpaka 1971. Elimu ilikuwa mali ya kila taifa, na hakuna waziri aliyetaka kuonekana amekwenda Brussels kuuza mtaala wa watoto wake.

Aliyefungua njia alikuwa binti mmoja Mfaransa aliyekwenda Liège, Ubelgiji, kusomea uchoraji wa hadithi za katuni. Alidaiwa ada ambayo wenzake Wabelgiji hawakudaiwa. Akaipeleka kesi mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba somo linalomwandaa mtu kwa kazi ni mafunzo ya kazi, na kwamba kumtoza raia wa nchi mwanachama zaidi ya mwenyeji ni ubaguzi. Hukumu hiyo iliyotokana na katuni ndiyo iliyowapa watu wa Tume ya Ulaya, akina Manuel Marín na Domenico Lenarduzzi, mahali pa kuweka mguu. Hata hivyo baadhi ya serikali zilibana fedha mno, hadi mwishoni mwa 1986 Tume ikaliondoa pendekezo lake mezani. Liliporudishwa na kupita, Tume hiyohiyo ikalishitaki Baraza la Mawaziri kuhusu msingi wa sheria uliotumika, na jibu likaja mwaka 1989. Watu walilipigania jambo hili. Halikushuka tu kutoka mbinguni.

Na kabla ya mahakama alikuwapo Sofia Corradi. Huyu alikuwa Mtaliano aliyepata ufadhili wa kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akarudi Roma mwishoni mwa miaka ya 1950 na shahada ya uzamili mkononi. Alipoomba masomo yake yatambuliwe nyumbani, alikaripiwa mbele za watu, akaambiwa arudi darasani, kana kwamba Marekani alikwenda kutembea. Aibu ile hakuisahau. Kwa miaka mingi alizunguka kwa wakuu wa vyuo akidai kwamba mtu akisoma kwa haki mahali popote asirudishwe nyuma. Waitaliano walimwita Mama Erasmus. Kila ninapoisoma habari yake nawafikiria wenzangu waliorudi Dar au Nairobi na vyeti vya Moscow, Sofia na Havana, wakawekwa benchi miezi na miezi wakisubiri mtu wa ofisini aamue kama walisoma kweli.

Mimi nilibaki London, nikawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ndipo nilipoanza kuwaona wale wanafunzi wa Erasmus kwa macho yangu. Walikuwa wakija Septemba, kabla baridi haijakaza, na mabegi makubwa na kamusi ya Kijerumani au Kifaransa kwapani. Kutoka Napoli walikuja wamesoma riwaya, kwa kuwa huko marehemu Elena Bertoncini Zúbková alifundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na wanafunzi wake waliwajua Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi kuliko Watanzania wengi ninaowafahamu. Kutoka Bayreuth walikuja na sarufi imekaa sawasawa kichwani, kila ngeli mahali pake. Wa Leiden na Paris nao walikuwa na yao. Wanafunzi wangu Waingereza walikuwa wametembea Mombasa au Moshi, wanaongea haraka, hawana habari na upatanisho wa kisarufi.

Ukiwaweka hao chumba kimoja na kuwapa ukurasa mmoja wa Kezilahabi, kazi ya mwalimu inakuwa nyepesi. Yupo mmoja, binti wa Kinapoli, ambaye siku ya kwanza aliingia akasema, “Shikamoo Mwalimu,” nikaitika, “Marahaba,” na Waingereza wote wakageuka kumtazama. Kabla ya Krismasi darasa zima lilikuwa likinisalimu hivyo. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kusoma kwa sauti. Kijana mmoja Mwingereza, ambaye alikuwa akikwepa kila zoezi la kuandika, alianza kuandika kwa sababu Mjerumani aliyekaa karibu naye alikuwa akimsahihisha bila kumcheka. Wakati wa Pasaka wakaenda wote Bayreuth, wakalala sakafuni kwa huyo Mjerumani. Nililipenda darasa lile. Nimefundisha madarasa mengi na sijapata jingine kama lile.

Kazi ya makaratasi ilikuwa ngumu, na hapa ndipo mtu angeweza kuona ushirikiano wa Ulaya unafanyika kwelikweli, mbali na hotuba. Kila mwanafunzi alikuwa na mkataba wa masomo wenye sahihi tatu: yake, ya chuo chake na ya kwetu. Halafu zilikuja alama. London 68 ni alama ya mwanafunzi mzuri, na 70 ni daraja la kwanza. Italia mtihani huhesabiwa kwa 30. Ufaransa huhesabu kwa 20, na mwenye 16 anapongezwa. Ujerumani 1 ndiyo bora na 5 ni kufeli. Profesa mmoja wa bara alitutumia faksi akiuliza kwa huzuni mwanafunzi wake alikosea wapi hata akapata 68 kwa 100. Ilibidi katibu wa idara yetu, mama mmoja mwenye subira ya ajabu, ampigie simu kumweleza kwamba binti yule alikuwa wa pili darasani. Wakacheka, na kuanzia siku ile yule profesa hakuuliza tena. Alikuwa anatuamini.

Mfumo wa krediti za ECTS, ulioanza kwa majaribio mwaka 1989, uliletwa kutatua hayo: mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 popote ulipo. Ni chombo kizuri. Lakini kilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na watu kama katibu wetu na yule profesa, ambao walijuana kwa sauti. Siku hizi alama huingia kwenye mfumo wa kompyuta, hubadilishwa zenyewe, na hakuna anayempigia mwenzake.

Kuna jambo moja ambalo sikulisema darasani hata mara moja. Wanafunzi wale wa Erasmus hawakulipa ada kwetu, na raia wengine wa Ulaya waliokuja kusoma shahada nzima walilipa sawa na Mwingereza. Mimi nilikuwa nimelipa ada ya mgeni. Tangu mwaka wa masomo wa 1980 serikali ya Uingereza iliamua mgeni alipe gharama yote, na mgeni maana yake ilikuwa Mtanzania, Mkenya, Mhindi, Mmalaysia, watu ambao babu zao walitawaliwa na Uingereza na ambao baadhi ya vyuo vyao viliwahi kutoa shahada za London. Baba yangu aliuza shamba la minazi Pangani. Nilikuwa nikimtazama kijana wa Milano akipita dirishani kwa mhasibu bila kusimama, na mimi nikisimama. Sikumchukia. Niliamini, na bado naamini, kwamba yeye ndiye aliyetendewa inavyopasa. Niliamini pia kwamba mlango ukishafunguliwa kwa mmoja utafunguliwa kwa wengine, na kwamba siku moja wa kwetu nao watapita. Ndivyo tulivyofikiri miaka ile ya 1990. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, programu ya Tempus ilikuwa imewafikia Wapolandi na Wahungari, na kila mwaka ulikuwa na nchi mpya.

Kisha yakaja mambo mawili makubwa kwa kufuatana. Tarehe 19 Juni 1999 nchi 29 zilitia sahihi Azimio la Bologna, kwamba shahada ziwe na muundo unaofanana: ya kwanza, kisha ya uzamili, na baadaye uzamivu ukaongezwa. Na Machi 2000, kule Lisbon, wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya wakatangaza kwamba ifikapo 2010 uchumi wao utakuwa wa maarifa na wenye ushindani kuliko wowote duniani. Elimu, iliyokuwa imekaa pembeni tangu Roma, ikawa katikati ya meza.

Bologna ilileta mema. Mtaliano aliyekuwa akisota vyuoni hadi miaka 27 sasa aliweza kupata shahada ya kwanza kwa miaka mitatu. Lakini miaka hiyo mitatu ilijazwa mpaka ikafurika, na mwanafunzi akaogopa kuondoka. Niliona darasani kwangu. Wa miaka ya 1990 walikaa mwaka mzima, na kufikia Mei walikuwa wakitania kwa Kiswahili na kukasirika kwa Kiswahili. Wa miaka ya baadaye walikuja muhula mmoja. Septemba wanafika, Oktoba wanatafuta chumba, Novemba wanaanza kuzoea, Desemba wanafunga mabegi. Lugha haipatikani kwa muhula mmoja. Urafiki nao haupatikani. Krediti 30 zilipatikana, zikaandikwa vizuri, na katika takwimu za Brussels yule wa muhula mmoja na yule wa mwaka mzima walihesabiwa kila mmoja mtu mmoja.

Lisbon nayo ilileta malengo. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulikuwa umeikubali elimu rasmi kuwa shughuli ya Umoja, lakini ukakataza kabisa kuoanisha sheria na kanuni za nchi. Kwa kuwa hawakuweza kuamrishana, walikubaliana kuoneshana takwimu: kila nchi ilete taarifa yake, zipangwe pamoja, aliye nyuma ajione. Mei 2003 wakaweka vigezo vitano vya kufikiwa 2010. Wanaoacha shule mapema wasizidi asilimia 10. Watu wazima wanaoendelea kujifunza wafike asilimia 12.5. Vijana wa miaka 15 wasiosoma vizuri wapungue kwa moja ya tano. Viwili vingine vilihusu kumaliza sekondari na wahitimu wa hisabati, sayansi na teknolojia. Ilipofika 2010, hicho cha sayansi peke yake ndicho kilichokuwa kimefikiwa.

Malengo yakasogezwa mbele hadi 2020. Lile la wanaoacha shule lilifikiwa kwa taabu, na hilo si dogo. Nyuma ya nambari ile kuna maelfu ya watoto wa Ureno na Hispania waliobaki darasani badala ya kwenda kubeba tofali. Ila kusoma kumerudi nyuma. Mwaka 2000 kijana mmoja kati ya watano hivi Ulaya hakuweza kuelewa vizuri alichosoma. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa 2022 alikuwa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Lengo sasa ni chini ya asilimia 15, na tarehe mpya ni 2030. Nimeishi Ulaya muda wa kutosha kuziona tarehe tatu za ahadi ileile, na inanisikitisha, kwa sababu anayesubiri ni mtoto, na mtoto hasogezwi mbele miaka kumi akabaki na umri uleule.

Mafunzo ya ufundi yalipata Azimio lao Copenhagen, Novemba 2002, na kabla ya hapo programu ya Leonardo da Vinci mwaka 1995. Seremala kijana wa Slovenia aliweza kwenda Austria wiki chache kujifunza mashine mpya. Hao nao nimewapenda, ingawa niliwaona wachache. Neno lililokuwa la kwanza katika Mkataba wa Roma, mafunzo ya kazi, ndilo lililoachwa nyuma. Hata leo lengo la Umoja kwa 2030 ni asilimia 23 ya wahitimu wa vyuo wawe wamesoma nje, na kwa wanafunzi wa ufundi asilimia 12. Mwenye kazi ya mikono anapewa nusu ya anachopewa mwenye kalamu, na anayeandika lengo hilo ni mwenye kalamu.

Kisha ukaja mwaka 2016 na kura ya Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya. Wanafunzi wangu waliniuliza kama Erasmus itakufa, nikawaambia haiwezekani, Norway na Uturuki zimo na si wanachama wa Umoja. Januari 2020 waziri mkuu Boris Johnson alilihakikishia Bunge kwamba programu hiyo haiko hatarini. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo alitangaza kwamba Uingereza inatoka, kwa kuwa ni ghali mno. Watu walikuwa jikoni wakiandaa Krismasi. Ireland ilijitolea kuwalipia wanafunzi wa Ireland Kaskazini, na Wales ikaanzisha mpango wake unaopokea na kupeleka. Serikali ya London iliunda mpango uitwao Turing, unaowalipia Waingereza kwenda nje popote duniani, lakini haumlipii mtu yeyote kuja.

Septemba 2021 raia wapya wa Ulaya waliokuja Uingereza kusoma shahada walianza kutozwa ada ya mgeni, ileile ya baba yangu na minazi yake. Idadi ya walioanza masomo ilishuka kwa zaidi ya nusu kwa mwaka mmoja. Wako watu wa kwetu walioniambia, “Sasa waonje.” Sikuweza kufurahi. Nilikuwa nimesubiri tufikishwe walipo wao, na badala yake wao ndio waliorudishwa tulipo sisi.

Niliendelea kufundisha kwa muda kidogo. Chumba kilikuwa na Waingereza wanne, wazuri, wapole, na hakuna aliyekuwa na mtu wa kumsahihisha bila kumcheka. Mwaka uliofuata somo la mwaka wa tatu liliondolewa, kwa hoja kwamba wanafunzi ni wachache. Walikuwa wachache kweli. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Desemba 2025 ilitangazwa kwamba Uingereza itarudi katika Erasmus+, kama inavyoitwa sasa, mwaka 2027. Uswisi nayo, iliyowekwa nje baada ya kura yake ya 2014 kuhusu wahamiaji, ilitarajiwa kurudi mwaka huohuo. Nilifurahi nilipoisikia habari hiyo. Siku chache baadaye yule binti wa Kinapoli, ambaye sasa ni mhadhiri wa Kiswahili katika mji mmoja wa Ujerumani na nywele zimeanza mvi, aliniandikia: “Mwalimu, 2027 wanafunzi wangu niwatume kwa nani hapo London?” Nilitafuta jina la kumpa kwa chuo kile, sikulipata. Katibu wetu amestaafu, na kiti changu hakikujazwa.

Nilimjibu asiingoje London. Tangu 2015 Erasmus+ inalipia pia wanafunzi kwenda na kutoka nchi za nje ya Ulaya, Afrika ikiwemo, na kwetu nako mambo yameanza kujipanga: Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa walitangaza eneo moja la elimu ya juu, kwa msaada wa miaka mingi wa Wajerumani waliokuwa wametoka kuyapitia hayo kwao. Awatume Dar es Salaam na Zanzibar, nikamwambia, wakakae mwaka mzima hata kama krediti zinataka muhula, na achukue wa kwetu kwa idadi hiyohiyo.

Amefanya hivyo. Wanafunzi wake wawili wanaondoka Oktoba, tiketi wanazo. Wa kwetu ni mmoja kwa sasa, kijana wa Lindi anayesomea isimu, barua ya mwaliko ameshapata, mkataba wa masomo una sahihi zote tatu. Ubalozi umemrudisha mara ya pili, unataka taarifa ya benki ya baba yake, na baba yake ni mvuvi.